Waya Haukukatika

Watu wa kwanza kufika pale mtaroni walisema waya wa breki umekatika. Ndilo neno la kwanza kila baiskeli inapomtupa mtu mteremkoni, na mara nyingi hakuna anayerudi kuhakikisha. Safari hii mzee mmoja aliinama akatazama. Waya ulikuwa mzima, kuanzia kichwa chake kwenye mkono wa breki hadi kwenye nati iliyoubana kule chini. Raba za breki zilikuwa mpya. Rimu haikuwa na mafuta. Lakini alipoubana mkono wa breki, ulikwenda hadi ukagusa usukani, na raba hazikusogea.

Kijana aliyeanguka simpi jina. Kisa chake nimekitunga ili kifundishe, na nimekiweka Mikinduri kwa sababu huko hakuna safari isiyo na mteremko. Kilichovunjika kwenye baiskeli yake, hata hivyo, huvunjika kweli, kwa namna ile ile nitakayoieleza, popote ambapo mtu hununua ganda linalofunika waya kwa kutazama rangi yake tu.

Mikinduri iko Tigania, ubavuni mwa milima ya Nyambene. Ukipanda unakuta chai na miraa; ukishuka unakuta kahawa, migomba na mahindi, na ukizidi kushuka hewa inakuwa ya joto kadiri unavyokaribia tambarare kavu za chini. Njia nyingi za mashambani ni za udongo mwekundu. Mvua za Machi hadi Mei huzichimba, kisha za Oktoba hadi Desemba huzichimba tena, na katikati ya misimu hiyo vumbi laini huingia kila penye tundu. Kwa baiskeli, mahali kama hapo pana kila adui: maji, tope, vumbi, na uzito unaoteremka.

Watu wa Meru, Tharaka Nithi na Embu hawahitaji kuhubiriwa kuhusu breki. Julai 2022 basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi, penye daraja, watu zaidi ya 30 wakafa. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, abiria wengi wakikaribia daraja lile hunyamaza. Lakini woga huo tunauweka kwa basi na lori. Baiskeli tunaiona kama kitu ambacho mtu anaweza kukisimamisha kwa kiatu. Kijana wa miaka 19 mwenye kilo 65, baiskeli ya kilo 18 na ndizi za kilo 45 kwenye keria ni mzigo unaokaribia kilo 130. Mwendo wake ukiongezeka mara mbili, umbali anaouhitaji ili asimame huongezeka mara nne. Hakuna kiatu kinachotosha.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba, ile ya tairi pana na gia nane nyuma. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea kwa muda mrefu, na kijana alikuwa amezoea kutegemea ya mbele. Hilo peke yake lilikuwa kosa, nami nitalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua na wengi wanalifanya. Mvua za Aprili zilipokolea, breki ya mbele ikawa nzito. Akaipeleka kwa fundi.

"Fundi, breki hii nikiibana hairudi."

Fundi akavuta, akainamisha sikio, akakuna plastiki kwa ukucha. "Ganda limepasuka, kijana wangu, maji yameingia. Waya ninao. Nenda pale dukani uniletee mita moja ya ganda, na raba mpya mbili."

Dukani kulikuwa na roli moja tu ukutani. "Nipe ganda la waya wa baiskeli, mita moja." Mwenye duka akapima kwa mkono, akakata, akafunga kwa gazeti. Hapakuwa na swali. Ganda lilikuwa jeusi, laini, jipya, la unene wa milimita 5, sawa kabisa na lile bovu lililotolewa. Waya ulipita ndani yake bila kukwama. Fundi akafunga nati, akabana mkono wa breki, akatabasamu, maana breki ilikuwa ngumu na ya haraka kuliko alivyotarajia. Mkono haukulegea hata kidogo.

Hapo ndipo mtego ulipo, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa. Kifaa kibovu mara nyingi hujitangaza: hupiga kelele, huchelewa, huteleza. Ganda hili lilifanya kinyume. Lilikuwa ganda la gia, na ganda la gia likitiwa kwenye breki huifanya breki ijisikie bora kuliko ilivyokuwa. Fundi anayepima kwa mkono wake akiwa amesimama kibandani atalipitisha. Mwenye baiskeli atashukuru na kulipa. Atashuka nalo mara kadhaa akibana polepole, nalo litamtii.

Asubuhi ya ajali mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kijana alikuwa anashuka kwenda sokoni na mikungu yake ya ndizi. Mbuzi akaruka kutoka kwenye kichochoro, na nyuma ya mbuzi mtoto mdogo akimfukuza. Kijana akabana breki kwa vidole vyote. Breki ikashika, kwa nusu sekunde ikashika vizuri sana, kisha ukasikika mlio mfupi karibu na usukani na mkono wa breki ukaanguka. Akaelekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo ili asimgonge mtoto. Alivunjika kifundo cha mkono na kuchubuka uso. Mtoto hakuguswa.

Yule mzee aliyeinama aliisukuma baiskeli hadi kwa fundi mwenyewe, akaiegemeza, akasema, "Fundi, njoo uone. Waya haukukatika." Fundi akavuta ganda kutoka kwenye mkono wa breki. Pale mwisho wake plastiki ilikuwa imepasuka kwa urefu wa kidole, na kutoka ndani zilikuwa zimechomoza nyaya ndogo ndogo za chuma, zilizonyooka, zimepinda nje kila upande.

Ili kuelewa kilichotokea, sharti tuache kufikiri kwamba breki ni waya peke yake. Aina hii ya kebo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na fikra yake ni kwamba waya unaweza kuvuta hata ukipita kwenye kona, mradi uwe ndani ya ganda lisilokubali kufinyika. Unapobana breki, waya unavutwa, na kwa nguvu ile ile kabisa ganda linasukumwa kutoka ncha zote mbili. Nusu ya kazi inafanywa na ganda. Waya ukiwa wa chuma bora kuliko vyote duniani na ganda likakubali kufupika au kupasuka, huna breki.

Nguvu hizo si ndogo. Vidole vikibana kwa kilo 20, mkono wa breki, kulingana na aina yake, huzidisha nguvu hiyo mara mbili hadi nne, na waya ukavutwa kwa kilo 40 hadi 80. Ganda la breki limejengwa kwa ajili hiyo. Ndani yake kuna waya bapa wa chuma uliozungushwa kama springi iliyofungwa, kila mzunguko ukiegemea mwenzake, katikati kukiwa na mrija mwembamba wa plastiki unaoupitisha waya kwa ulaini. Ukilisukuma kutoka mwishoni, mizunguko inakandamizana, chuma juu ya chuma. Plastiki ya nje inazuia maji na kutu tu. Hata ikipasuka yote, chuma bado kinashika.

Ganda la gia la siku hizi limejengwa tofauti kabisa. Nyaya zake nyembamba zimelala sambamba kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha, na kinachozishikilia zisitawanyike ni plastiki peke yake. Ni kama kibunda cha miraa kilichofungwa kwa kamba ya mgomba: vijiti vyote vimeelekea upande mmoja, vimebanana, vinaonekana kitu kimoja kigumu, lakini kisimamishe ukikandamize kutoka juu kwa uzito wa mtu, kamba itakatika na vijiti vitafumuka kila upande. Plastiki ya ganda la gia ndiyo hiyo kamba. Inatosha kwa kazi ya gia, ambapo waya unavuta springi ndogo tu. Haitoshi kwa breki, na huachia siku ile mtu anapobana kuliko siku zote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi ganda la namna hiyo lilitengenezwa. Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa gia zinazoingia kwa mbofyo, kila mbofyo gia moja. Zamani mpanda baiskeli alitafuta gia kwa kusikiliza na kusogeza mkono taratibu, na ganda likifinyika kidogo hakujali. Kwa mbofyo hakuna kutafuta. Kwenye mfumo wa Shimano wa gia nane, kila mbofyo huvuta waya milimita 2.8 tu, na magurudumu ya meno kule nyuma yameachana milimita 4.8. Ganda la mzunguko hubadilika urefu kidogo kila linapopindwa au kukandamizwa, na kidogo hicho kinatosha kuifanya cheni isite kati ya gia mbili. Nyaya zilizolala kwa urefu hazifupiki. Kwa hiyo kila ganda ni zuri mahali pake, na ukiyabadilisha, hasara zake hazilingani: ganda la breki kwenye gia litakupa gia zinazoruka na kukuudhi njia nzima; ganda la gia kwenye breki litakutupa mtaroni. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2008 na ambaye maandishi yake yamewafundisha mafundi wengi duniani, aliandika onyo hili waziwazi. Yapo pia maganda ya nyaya za urefu yaliyoimarishwa kwa msuko wa nyuzi ngumu kwa ajili ya breki, lakini hayo huuzwa yakiwa yametajwa kuwa ya breki. Lisilotajwa lisidhaniwe.

Fundi wetu hakuyajua hayo, na simlaumu kama wengi watakavyotaka kumlaumu. Alijifunza kazi kwenye Black Mamba. Baiskeli hizo ndefu nyeusi, za Raleigh kwanza na za India na China baadaye, zina breki za fimbo: ukibana, vyuma vinavuta raba juu kwenye rimu, kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hazina waya wala ganda. Fundi wa Black Mamba anajua kunyoosha fimbo, kukaza nati na kugeuza raba, na kazi hiyo aliifanya vizuri maisha yake yote. Kisha baiskeli za gia zikaja kwa mitumba, na karibu wakati huo huo pikipiki zikafurika. Baada ya Kenya kuondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, duka la spea lililokuwa na ukuta mzima wa vifaa vya baiskeli likageuza ukuta huo kuwa wa pikipiki. Baiskeli ikabaki na kona moja na roli moja ya ganda. Hakuna aliyekuja kumweleza fundi kwamba roli hiyo moja haiwezi kufanya kazi zote mbili.

Waliounda baiskeli ya Buffalo, inayosambazwa na shirika la World Bicycle Relief kwa wanafunzi na wafanyakazi wa afya vijijini, Kenya ikiwemo, waliliepuka tatizo hili. Mmoja wa waanzilishi wa shirika hilo mwaka 2005, F.K. Day, ni mwanzilishi mwenza wa SRAM, kampuni ya Chicago inayotengeneza gia na breki za waya. Angeweza kuweka waya. Badala yake Buffalo ya mwanzo ilipewa breki iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, inayoshika ukikanyaga pedali kinyumenyume. Hakuna ganda la kuchagua vibaya. Nauona uamuzi huo kuwa wa heshima kwa watu watakaoitumia baiskeli mbali na duka.

Lakini baiskeli za waya zimekwisha kuingia, na hazitaondoka. Kwa hiyo mtu ajue kutazama.

Usitazame rangi, na usitegemee unene. Ni kweli ganda la breki kwa kawaida lina milimita 5 na la gia 4, ila yapo ya gia yenye milimita 5, na hilo ndilo lililompata kijana wetu. Tazama ncha iliyokatwa. Kwenye ganda la gia utaona nukta za chuma zimejipanga duara kuuzunguka mrija wa katikati, nyingi na ndogo. Kwenye ganda la breki utaona ukingo wa waya mmoja unaozunguka. Kama mkato umevurugika na huoni vizuri, mwombe mwenye duka kipande kidogo, umenye plastiki kwa kisu. Springi ikitoka, ni la breki. Sindano zikitoka, ni la gia. Mkono nao hujifunza upesi: la gia hukataa kupinda na likiachwa hutaka kunyooka, la breki hukunjika kwa urahisi zaidi.

Na waya wenyewe usichanganywe. Wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6 na kichwa kikubwa, cha pipa kwa baiskeli za usukani ulionyooka, cha umbo la peasi kwa zile za usukani uliopinda. Wa gia una milimita 1.1 au 1.2 na kichwa kidogo. Nimeona nyaya za gia zikifungwa kwenye breki kwa sababu ndizo zilizokuwapo. Ni hatari ile ile.

Ukishapata lililo sahihi, kazi haijaisha, kwa maana ganda zuri huharibiwa na mkato mbaya. Koleo butu hulibonyeza ganda la breki na kuacha jino la chuma likichungulia ndani, nalo litausaga waya kila siku kimyakimya. Kata kati ya mizunguko kwa kifaa kikali, kisha piga tupa hadi ncha iwe bapa, ikae kwa uso wake wote na si kwa ukingo. Mrija wa ndani hufungika unapokatwa. Ufungue kwa ncha ya spoki iliyonolewa. Weka vikofia kwenye ncha zote panapostahili, na kwenye gia usiviache kamwe. Urefu upime kwa kugeuza usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto: ganda lisivutike, wala lisiwe na kona kali, wala lisining'inie kama kitanzi cha kukamata matawi. Kipande cha zamani kisichukuliwe kuwa kipimo bila kujaribu, maana baiskeli ya mtumba huenda iliwahi kubadilishwa usukani.

Mwisho kabisa, kabla mtu hajapanda, breki ibanwe kwa nguvu zote za mkono, mara nyingi, baiskeli ikiwa imesimama, macho yakiwa kwenye ncha za ganda. Kubana kwa kidole kimoja na kusema imekaza si kujaribu breki. Kisha sukuma baiskeli mbele huku umebana ya mbele hadi gurudumu la nyuma linyanyuke. Ganda likitaka kupasuka, na lipasuke hapo kibandani. Hata hivyo jaribio hilo halihalalishi ganda la gia, maana laweza kuvumilia leo na kuachia mwezi ujao plastiki ikishachoshwa na jua.

Mkono wa kijana ulipofungwa plasta, alikwenda dukani na fundi, na yule mzee akafuatana nao. Mwenye duka aliona ganda lililofumuka akakunja uso.

"Mbona hukuniambia unataka la breki?"

"Mbona hukuniuliza?" kijana akajibu.

Fundi akasema, "Nyote wawili nyamazeni. Mimi ndiye nililitia."

Naona fundi alisema kweli, lakini hakusema yote. Mnunuzi asiyejua hawezi kulaumiwa kwa kutojua, na anayeuza kwa mita ndiye wa kwanza kuweza kuzuia ajali, kwa swali la maneno machache kabla ya kukata. Katika biashara ya spea tumezoea kuona kwamba kazi ya duka inaishia kwenye kupokea pesa. Muuza dawa hafanyi hivyo. Huuliza ni za nani, mtoto au mtu mzima. Breki inastahili swali lake.

Siku hiyo duka halikuwa na ganda la breki hata kipande. Mwenye duka akaagiza roli kutoka Meru mjini, na ilipofika aliitundika upande wa pili wa ukuta, mbali na ile ya gia, ncha zote mbili zikiwa zimemenywa ili anayenunua aone springi na sindano. Roli ya breki huuzwa haraka, na ikiisha anayelitaka ganda huambiwa asubiri. Fundi naye amekataa kufunga ganda jingine mahali pake, hata mteja akisema ana haraka. Humfungulia breki, humrudishia vipande vyake mkononi, na humwambia aisukume baiskeli kwa miguu mpaka chini.